Sauti Iliyokataa Kutaja Jina

Kila asubuhi Sezim alikunywa chai ya maziwa, akamtupia mbwa wao Aktosh kipande cha mkate, kisha akaenda shule na kishikwambi chake kifuani, ndani ya koti, maana baridi ya Naryn, mkoa wao wa milimani, humaliza betri upesi. Jumatatu hadi Jumatano Mwalimu Damira aliwafundisha Kiingereza darasani. Siku zilizobaki Kiingereza walikisoma wenyewe nyumbani, baada ya shule, kwa kishikwambi: wanasikiliza, wanajibu, wanarekodi sauti zao, na kazi inamfikia mwalimu kwa mtandao.

Alhamisi moja ya mwezi Machi, Sezim alifungua kishikwambi akakuta somo la tisa limekwisha kufanywa. Alama tisini na tano! Yeye hakuwa amegusa hata swali moja. Kesho yake akakuta la kumi nalo limefanywa. Nani huyu, na ana nia gani? Akageuka kutazama mlangoni, hakuona mtu. Lakini alama zilikuwa tamu, na wanafunzi watano bora wangepelekwa kambi ya Kiingereza kando ya ziwa Issyk-Kul. Basi akafumba mdomo, akatoka kwenda kucheza. Wiki iliyofuata ikawa vilevile.

Njia ya mwongo ni fupi. Jumatatu Mwalimu Damira alimsimamisha aieleze familia yake kwa Kiingereza. Sezim alitoa maneno matatu, akakwama.

"Ajabu hii," mwalimu alisema, akimkazia macho. "Nyumbani unapata tisini na tano, hapa umekuwa bubu. Nani anakufanyia kazi?"

Sezim alinyoosha kidole kwa Tilek, aliyekaa nyuma yake. "Ni huyu, Mwalimu! Analijua neno langu la siri. Anataka nionekane mwizi, nitolewe kwenye orodha ya kambi!"

"Mimi?" Tilek aliruka. "Neno lako la siri ni jina la mbwa wenu, kijiji kizima kinalijua! Halafu nikupatie tisini na tano ili mimi nikose nafasi? Una akili wewe?"

"Nyamazeni!" Mwalimu alibonyeza kishikwambi, rekodi ya somo la kumi na mbili ikasikika. Sauti ya kike, ya chini chini, iliongea Kiingereza safi. Ilimtaja Aktosh, ikawataja ng'ombe watatu. Kisha ikasema kwamba mkuu wa nyumba ni Baba Mwenye Farasi, na kwamba yumo pia Binti Mdogo, mvivu lakini mwenye moyo mzuri.

Darasa lilivunjika mbavu. "Sezim, hata jina la baba yako umesahau?" Tilek alimdhihaki.

Sezim hakucheka. Baba yake aliitwa Jumabek, na nyumbani wakubwa wote walilitaja jina hilo isipokuwa mmoja. Kwa mila yao, mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe, wala la wifi zake. Altynai, mke wa kaka yake, tangu aolewe alimwita Sezim "Binti Mdogo" tu. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako! Mwalimu naye alielewa, kwani hata yeye alikuwa na wakwe.

Baada ya masomo Sezim na mwalimu walifuatana hadi nyumbani kwa kina Sezim. Altynai alikuwa jikoni anakanda unga.

"Wifi, kumbe ni wewe unayefanya masomo yangu na kuniita mvivu mwenye moyo mzuri!" Sezim alifoka.

Altynai alijifunika mdomo kwa pembe ya kitambaa chake cha kichwa. "Nisamehe, Binti Mdogo. Nilikuwa chuo cha ualimu kabla sijaolewa. Nataka kurudi, na mtihani wa Kiingereza ni mwezi wa Juni. Usiku mlipolala nilikichukua kishikwambi. Nilidhani ni mazoezi tu, sikujua alama zinahesabiwa. Lakini wewe uliziona. Mbona hukusema?"

Sezim alishikwa na aibu, akalia. "Nilijua si zangu," alisema. "Nilizipenda tu."

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. "Chuo? Na unga atakanda nani?" Akamtazama mkwewe, akamtazama binti yake. "Haya. Huyu mvivu mwenye moyo mzuri si ana mikono?"

"Sezim," Mwalimu Damira alisema, "alama hizo nimezifuta, na kambini mwaka huu huendi. Altynai alikosa bila kujua, wewe ulificha huku ukijua, halafu ukamsingizia Tilek. Kesho utamwomba radhi mbele ya wote. Kishikwambi hupokea sauti ya yeyote, mwanangu, lakini siku ya kusimama mbele za watu utasimama na yako."

Papo hapo akamfungulia Altynai nafasi yake mwenyewe katika masomo yale. Swali la kwanza lilimtaka aseme jina lake. Kwa mazoea ya kuepuka kutaja majina, Altynai alisita, akamtazama mama mkwe. Mama akatikisa kichwa kukubali. 

"Jina langu ni Altynai," alisema kwa Kiingereza, kwa sauti iliyofika hadi uani.

Sezim, unga umemjaa hadi viwikoni, alijaribu sentensi hiyo kwa jina lake mwenyewe. Alikosea, akaanza upya.