Mstari Mweusi Kwenye Kigae

Jumatatu hiyo duka la vifaa vya ujenzi mjini Kitale lilijaa wateja wa simenti. Wamboi, mwalimu wa jiografia kutoka Bungoma, aliingia na gauni lake la njano akaomba vigae vya sakafu vilivyovunjika. Levi, muuzaji, alidhani anataniwa. Kumbe mwalimu alitaka ule upande wa nyuma usioteleza, wanafunzi wasugue mawe juu yake na kulitambua kila jiwe kwa rangi ya unga wake. Levi alimpa vipande sita bure, kisha akaomba namba ya simu. Ukarimu wa wanaume una masharti.

Miezi minane walipigiana simu kila jioni, dear huku, sweetie kule, mapenzi yakakolea. Ndipo Levi akaenda Bungoma na jiwe la manjano linalometameta, amelifunga kwenye leso. Babu yake alilichimba Kapsokwony, na ukoo mzima uliapa ni dhahabu. Levi alitaka litengenezwe pete ya kumchumbia Wamboi. Kabla Levi hajafungua mdomo, Wamboi alikuwa ameshachukua kigae na kulisugua jiwe. Mstari ukatoka mweusi wenye ukijani.

"Hii si dhahabu, Levi. Dhahabu ingeandika njano," alisema akicheka.

Levi aliikunja leso yake akaondoka. Wiki tatu hakupokea simu. Wamboi hakujua kosa lake mpaka Phelista, dada yake Levi, alipompigia na kumweleza habari za pete. Aliona aibu mpaka akalia. Jumamosi asubuhi alikuwa Kitale.

Alikuta jiwe limewekwa chini kuzuia mlango wa duka.

"Umekuja kupima nini sasa?" Levi aliuliza, amenuna.

"Nipatie nyundo, mpenzi."

Aliletewa. Akaligonga jiwe ukingoni, cheche zikaruka. Levi alisahau kununa.

"Dhahabu haiwezi hii," Wamboi alisema. "Mimi nilikimbilia kusugua, sikukuuliza umekuja na nini. Pole, Levi. Nilikukosea."

"Na vile si dhahabu, bado unaitaka pete?"

"Si nimetoka Bungoma juu yake? Uliza ile kitu ulikuja kuuliza."

Levi aliuliza, mbele ya wateja wote wa simenti. Wamboi alisema ndiyo kabla Levi hajamaliza, akaliokota jiwe na kulitia mkobani.

"Sasa tafuta kitu ingine ya kuzuia mlango," alisema.