Waliokataa Kuvushwa Malaba

Amri iliingia sikioni mwa Amoding wakati Hiace nyeupe inapita Chakol.

"Ng'ombe wavuke mto. Narudia, ng'ombe wavuke mto."

Ilikuwa sauti ya Mzee Ilukor, mkuu wake wa ujasusi, aliyekaa ofisini Busia na kikombe chake cha chai ya tangawizi. Maana yake Amoding aliijua vizuri mno. Gari lisizuiwe. Wanafunzi sita waliokuwa ndani wavuke daraja la Malaba, wapelekwe uwanja wa ndege upande wa Uganda, wapandishwe ndege, na vijana wa Ilukor wafuate nyuma mpaka wawajue wakubwa wa biashara hiyo ya kuuza watu huko ng'ambo.

Watoto wa watu wamefanywa chambo.

Amoding alikuwa kiti kilicho nyuma ya dereva, blauzi nyeupe, sketi ya heshima, kifaa cha kusikilizia kimefichwa chini ya rasta zake. Saa yake ya Casio ilikuwa na kitufe cha ziada. Mara moja ni ndiyo. Mara mbili ni hapana.

Alibonyeza mara mbili.

Mzee alianza kufoka. Alimkumbusha kiapo, akamkumbusha mshahara, akamtajia hata mama yake. Amoding alichomoa kile kifaa sikioni na kukitupa dirishani kama ganda la njugu. Liwalo na liwe.

Haya, mambo yalikuwa hivi. Taasisi ya Upeo wa Sera ilitua mjini Busia na milango ya vioo, ramani kubwa ukutani na tangazo lililozagaa kwenye WhatsApp za vyuo vyote: nafasi za uanagenzi, utafiti wa sera za mipaka, posho nono, semina ya kwanza Kampala. Vijana waliomba kwa mamia. Nani asingeomba? Bila atachimenti, yale mafunzo ya kazini, huhitimu, na kwingine kote ukibisha unaulizwa umetumwa na nani.

Amoding naye aliomba, akijifanya mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Aliyemsaili alikuwa mkurugenzi mwenyewe, Profesa Varga, mgeni mwenye mvi zilizochanwa vizuri na tabasamu la muuza bima. Alitaka kujua mambo mawili tu: kama anachapa kwa kompyuta haraka, na kama ana pasipoti. Kuhusu sera hakuuliza hata neno.

Kundi la kwanza lilikuwa limeshaondoka. Msichana mmoja wao, Benedetta, alimpigia mama yake simu ya kuiba. Alisema amefungiwa kwenye jengo nchi za mbali, anatapeli watu mtandaoni kutwa kucha, na akikataa anapigwa. Simu ikakatika. Mpaka leo haijapigwa tena.

Kiti cha jirani alikaa Sharlyne, binti wa kutoka kijiji cha Khunyangu, viatu vipya vikimbana vidole. Njia nzima alikuwa akieleza utafiti anaotaka kufanya: kwa nini akina mama wafanyabiashara bado wanapita njia za panya, na kituo cha mpakani kipo wazi? Taasisi nyingi zilimjibu kwamba zitamjulisha. Hazikumjulisha.

"Hawa ndio wa kwanza kuniambia ndiyo," alimwambia Amoding, na machozi yakamlengalenga.

Amoding alitazama nje. Moyo ulimuuma kweli, kwa sababu ndoto hiyo ndiyo aliyokuwa anakuja kuivunja.

Tatizo lilikuwa moja. Dereva, Boaz, alikuwa kibaraka tu. Alishakusanya simu zao zote, eti usalama wa data. Mikoba pia aliipekua, lakini alipofika kwenye pakiti ya sodo ya Amoding aliona haya, akaufunga mkoba haraka. Ndani ya pakiti ile mlikuwa na bastola yake, Glock. Ashukuriwe mama aliyemlea Boaz na haya.

Lakini pasipoti za vijana zilikuwa kwa Varga, na Varga alikuwa anangoja ng'ambo ya daraja. Akisikia Boaz amekamatwa, atayeyuka nazo, na mwezi ujao afungue milango mingine ya vioo mji mwingine. Na gari likishapita geti, mambo yote ya pasipoti humalizwa upande wa Uganda. Huko kitambulisho cha Amoding ni karatasi ya kufungia mandazi.

Kwa hiyo Varga lazima arudi Kenya. Kwa miguu yake mwenyewe.

Mbele yao foleni ya malori ilianza kuonekana, imejipanga kando ya barabara mpaka macho yanachoka. Madereva walikuwa wamekaa vivulini, matanboi, wasaidizi wao, wanasonga ugali chini ya trela, nguo zimeanikwa kwenye vioo. Magari madogo yalikuwa na njia yao pembeni, lakini leo tuktuk ilikuwa imepinduka na magunia ya vitunguu, hakuna anayesogea. Boaz alipiga honi, akatukana, akatazama saa.

Amoding alizaliwa Chakol. Sheria ya foleni hii aliijua tangu anauza karanga hapa.

"Boss, si uingie hapo mbele ya hiyo lori ya bluu, ile Actros?" alisema kwa upole. "Hao wanalala tu. Ukifika mbele unachomoka."

Boaz alikuwa mjanja wa Nairobi, na mjanja wa Nairobi haulizi mara mbili. Alikata usukani, akaingiza Hiace kwenye mwanya kati ya malori.

Lori la mbele likarudi nyuma kidogo. Actros ikasogea mbele kidogo. Hiace ikabanwa katikati.

Madereva walishuka mmoja mmoja, wakipangusa mikono. Mwenye Actros, jibaba ambalo wenzake waliliita Kibet, liliingiza mkono dirishani na kuchomoa ufunguo wa Hiace. Boaz alitoa noti. Kibet aliitazama noti hiyo kama mtu aliyeonyeshwa panya aliyekufa.

"Weka pesa yako, kijana. Hapa tumelala wote, tajiri na maskini. Mwenye gari ni nani?"

Boaz alisema mwenye gari ni profesa, yuko ng'ambo, ana haraka.

"Aje mwenyewe aombe msamaha. Ndiyo sheria. Hata kama ni askofu, anakuja."

Boaz alipiga simu. Alieleza, akabembeleza, akatoa jasho. Varga alisema walipwe. Akaambiwa hawataki. Varga alisema waongezewe. Akaambiwa wanacheka. Ndege haimngoji mtu, na huko anakouza watu alishalipwa nusu.

Akaja.

Alivuka daraja kwa miguu, suti ya kijivu, uso umeiva kwa hasira, mkoba wa ngozi umening'inia kifuani. Mkoba ule hakuwahi kumwachia mtu. Alipita geti na kuingia Kenya bila kugeuza shingo, akaja moja kwa moja hadi kwenye Hiace, akaanza kuwafokea madereva kwamba hawamjui yeye ni nani.

"Hatukujui kweli," alisema Kibet. "Omba msamaha utujulishe."

Boaz aliona mambo yanaharibika. Mkono wake ukateleza chini ya kiti, ukashika bastola.

Kitu baridi kikamgusa kisogoni.

"Iache hapo hapo," alisema Amoding. "Mikono kwenye usukani. Mimi ni afisa wa usalama wa taifa, na leo sina subira."

Wanafunzi walipiga ukemi. Amoding alimfunga Boaz kwenye usukani kwa pingu za plastiki, akafungua mlango, akashuka.

Varga alimwona. Aliiona Glock. Akatoka mbio kuelekea darajani, akichagua kichochoro kati ya safu mbili za malori.

Amoding hakukimbia.

"Kibet," aliita, "huyo anaruka foleni tena."

Mlango wa lori moja ukafunguka mbele ya Varga. Akakwepa. Ukafunguka wa pili, wa tatu, kulia na kushoto, vyuma vizito vikifunga njia. Aligeuka arudi alikotoka. Nyuma nako milango ilikuwa wazi, na kila mlango ulikuwa na dereva asiyetabasamu. Amoding alimkuta ameshika magoti, anahema. Alimvua mkoba, akaufungua. Pasipoti saba, yake ikiwa miongoni mwao, zimefungwa pamoja kwa mpira.

Polisi wa Malaba walipofika, wanafunzi walikuwa wamekaa ukingoni mwa barabara, pasipoti zao mkononi, wengine wanalia. Sharlyne hakulia. Alikwenda mpaka kwa Varga, akasimama mbele yake na viatu vyake vya kubana.

Varga akacheka, mikono imefungwa pingu nyuma. "Utaenda wapi sasa? Wote walikukataa. Ni mimi tu niliyekuchukua."

"Wewe hukunichukua, uliniuza," alisema Sharlyne. "Na kazi yangu nitaifanya. Sikuiomba kwako."

Simu ya Amoding, iliyokombolewa mfukoni mwa Boaz, ililia. Mzee Ilukor. Alimwacha afoke mpaka pumzi zimwishie. Mzee alimaliza kwa kuuliza kama anajua maana ya kukaidi amri.

"Naijua, mzee. Wakubwa wao tutawatafuta kwa mdomo wa Varga, na Benedetta tutamrudisha. Lakini si kwa watoto hawa. Ukitaka chambo tena, leta wako."

Akakata. Akarudisha Glock kwenye pakiti ya sodo, akatia mkoba wake begani na kuanza kutembea kuelekea stendi.

Nyuma yake alisikia mtu akivuta jerikeni na kuikalia. Kisha sauti ya Sharlyne, nyembamba lakini haitetemeki.

"Mzee Kibet, samahani. Hii sheria yenu ya foleni, mliianzisha vipi? Niambie polepole, nataka niandike yote."