Unga Ndani ya Sanduku la Kigongo

Gari la Roshanali lilikuwa limeshauacha mtaa wao wa Malvern na kushika barabara kuu ya kwenda mji wa Mississauga, Jumamosi alasiri, Novemba 2014, Destin alipofungua sanduku ili akipanguse Kigongo cha Fedha kwa mara ya mwisho. Ndani mlikuwa na taulo. Ndani ya taulo, mfuko wa unga wa muhogo uliofungwa utepe mwekundu.

"Anko, simamisha gari."

Roshanali, Mwismailia wa Mwanza aliyezeekea kwenye kazi ya kuchunguza madai ya bima, aliingia kwenye maegesho ya duka la kahawa, akazima injini. Kiti cha nyuma alikaa Spéciose, mama yake Destin, ndani ya kitenge chake kipya.

Kigongo kile, gongo la kupigia mpira, hupewa kila mwaka mchezaji bora wa besiboli wa vyuo. Hukaa nacho mwaka mmoja, kisha humkabidhi mwenzake mbele ya watu. Jioni ile ilikuwa zamu ya Destin kukabidhi. Asiyekabidhi, jina lake hufutwa kwenye orodha ya washindi. Na kocha wa mji wa Halifax, aliyempa kazi ya kufundisha warushaji wa mpira kama yeye, angekuwa ukumbini akitazama.

Destin, ambaye husikia Kiswahili lakini hujibu Kiingereza, alimtaja Noordin, mchezaji mwenzake, papo hapo. Noordin alikuja nyumbani Alhamisi, akaliangalia sana lile sanduku. Roshanali akampigia simu, wote wakisikia.

"Mzee, anayepewa leo ni mimi," Noordin akacheka. "Niibe kitu changu mwenyewe? Mwambie huyo mikono yake ina mafuta, kimemponyoka tena."

Noordin hakuwa na sababu ya kuiba. Roshanali akauliza habari za mlango, dirisha na funguo. Hakuna kilichovunjwa. Mwizi wa nje, alisema, angebeba sanduku zima. Huyu alitulia, akapima uzito, akakunja taulo vizuri, ili Destin akilinyanyua sanduku asishtuke. Huyu alikuwa mtu wa karibu, anayemwonea kijana huruma.

Kisha akaugusa utepe, wa aina ile wanayofungia sadaka ya mavuno, na sasa jambo lilimgusa yeye mwenyewe.

"Mama Destin," akasema bila kugeuka. "Jumapili iliyopita nilikupeleka kanisani, sikukuu ya mavuno. Nilikupakilia mzigo uliofungwa kitenge. Ukaniambia ni unga wa shukrani."

"Ndiyo, papa."

"Unga ndio huu. Basi mimi nilibeba nini?"

Spéciose akaitazama mikono yake. "Njo mimi," akakiri. "Kiwiko chake kilipochanika, daktari alisema hatarusha tena. Nikamwambia Mungu, kitu cha kwanza mkono huu utakacholeta nyumbani ni chako. Mkono ukapona. Sasa nimpe Mungu unga?"

Kigongo kilifika nyumbani baada ya mavuno ya mwaka uliopita, kwa hiyo alikuwa ameingoja sikukuu hii. Alidhani ni chao daima. Hakuna aliyemweleza kwamba hurudishwa. Unga aliuweka hadi apate moyo wa kusema, na hadi leo hakuwa ameupata.

"Mama, si ungeniambia," Destin akasema, kwa Kiswahili.

"Ungekataa."

"Ningekataa," akakubali, akamshika mkono.

Vitu vya mavuno hupigwa mnada baada ya ibada. Aliyekinunua kigongo ni Télesphore, mzee wa kanisa, mkazi wa Mississauga hukohuko walikokuwa wanakwenda. Walikikuta juu ya televisheni yake, kimefunikwa kitambaa cha kufuma. Roshanali akatoa pochi. Télesphore akamsukuma mkono.

"Nilichotoa nimempa Mungu. Hiki nilikuwa namwekea huyu, siku ya harusi yake. Itabidi nitafute zawadi nyingine. Na yeye atafute mke."

Spéciose akapiga magoti sebuleni, akashukuru kwa sauti, na Roshanali naye akainamisha kichwa.

Destin alikabidhi jioni hiyo, akawaeleza watu wote kisa chenyewe, mama yake akiwa kando yake. Jina lake halikufutwa. Alikwenda Halifax, bado anafundisha warushaji, na hajaoa. Noordin alikaa na kigongo mwaka mmoja, akamkabidhi mwenzake. Télesphore alihamia Ottawa kwa binti yake. Spéciose aliupeleka unga kanisani Jumapili iliyofuata, ukapigwa mnada. Aliyeununua ni Roshanali, ambaye hali ugali wa muhogo.