Kibawa cha Kulia

Jua lilikuwa linazama Profesa alipogonga mlango wa shemeji yake, mjane wa kaka yake. Hakuja kutoa pole. Pole alishaitoa makaburini wiki iliyopita, mkono mmoja mfukoni, jicho kwenye saa. Alikuja kuchukua kompyuta yake.

Kazi yake ilikuwa kuandika gazetini kuhusu michezo ya kompyuta, hasa pinboli: lile kasha la kioo ambamo gololi ya chuma hushuka, na mchezaji huirudisha juu kwa vibawa viwili, kimoja kwa kila mkono. Siku hizi kasha zima limetiwa ndani ya skrini. Profesa aliilinganisha michezo hiyo, upi ni halisi, upi ni mgumu, kwa ukali wa hakimu asiyewahi kukosea. Ndiyo maana wakamwita Profesa. Yeye alidhani ni sifa.

Makala yake ya mwisho ilikuwa haijaisha, na ilikuwa ndani ya kompyuta aliyomwazima kaka yake.

Kaka mtu, Nyonga, alikuwa fundi wa mashine zenyewe, za mbao na chuma. Jina alilipata kwa jinsi alivyolisukuma kasha kwa nyonga, kidogo tu, gololi ikabadili njia. Mkono mmoja haulei mwana, lakini Nyonga alimlea mdogo wake peke yake, akamsomesha kwa bisibisi. Kisha kiharusi kikampiga. Upande wa kulia wote ukafa. Akiwa kitandani aliomba kitu kimoja tu, mchezo.

Kompyuta ilikuwa na miwili. Wa kwanza, gololi yake nzito, haina huruma, na ukilitikisa kasha kupita kiasi vibawa vinazimika. Wa pili, gololi ilielea kama puto, na kibawa kimoja ungeweza kuiachia kompyuta ikuchezee.

"Niwekee huo wa pili, mdogo wangu," Nyonga alinong'ona kwa nusu ya mdomo. "Huu siuwezi. Kila ikienda kulia… basi."

"Ule ni uongo, kaka. Rahisi si halisi."

Akaufuta. Mbele ya macho ya mgonjwa aliufuta, eti fundi mzima asijidhalilishe na mchezo wa watoto. Alijiona amemheshimu! Shukrani ya punda ni mateke, na Nyonga aliyapokea akiwa amelala chali.

Shemeji alifungua mlango. Hakumkaribisha kukaa.

"Kuna mzigo wako," alisema, akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na gololi ya chuma. "Alikuwa ameishika alipokata roho. Alisema nikupe mkononi. Wa kulia."

"Ya nini?"

"Shemeji, mimi nimetumwa tu."

Profesa akaipokea. Ilikuwa nzito kuliko ukubwa wake, na baridi… baridi ya kitu kilichotolewa kisimani. Akaitia mfukoni, akaenda chumbani.

Chumba kilinuka dawa ya kuchua. Dirisha limefungwa. Kitanda kimetandikwa. Kompyuta iko mezani, kifuniko kimeinuliwa… na skrini inawaka.

Tak.

Kibawa cha kushoto kilipiga. Gololi ikapanda, ikagonga kengele, ikashuka. Tak. Kushoto tena. Hakuna aliyegusa kitufe. Safari hii ikashukia kulia. Kibawa cha kulia hakikusogea. Gololi ikatumbukia shimoni.

Kimya.

Kisha pumzi… Pumzi ya mdomo uliopinda, karibu na mto.

Gololi mpya. Tak. Tak. Kulia… shimoni.

Miguu ilitaka kukimbia, lakini macho yaliganda, kwa sababu Profesa aliujua mchezo mzuri akiuona. Kwa kibawa kimoja, mchezaji yule alikuwa akiichelewesha gololi, akiibembeleza isivuke upande wa pili. Hivyo ndivyo Nyonga alivyocheza wiki zote zile, akishindwa, na mdogo wake hakukaa kitako kumtazama hata mara moja. Machozi yakamtoka.

"Kaka," akanong'ona, "ngoja. Ya kulia niachie mimi."

Gololi ikashukia kulia. Akaweka kidole kwenye kitufe.

Kidole hakikubonyeza.

Alikitazama. Kilikuwa pale, kimetulia kama cha mtu mwingine. Akakiamrisha. Gololi ikapita. Baridi ya mfukoni ikampanda, kiunoni, begani, mpaka kwenye taya.

Na ubavuni kitu kikamsukuma.

Kidogo tu… kwa nyonga.

Alirudi sebuleni ameubeba mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Shemeji alikuwa akikunja mashati ya marehemu.

"Nani… nani aliiwasha kompyuta?"

"Itawakaje? Waya haujachomekwa, na betri niliitoa siku ya mazishi. Ile pale, juu ya kabati."

Ilikuwa pale kweli, na vumbi lake.

"Umenifanya nini, shemeji? Gololi hii uliipeleka kwa nani?"

"Kwa mganga, unamaanisha?" Mwanamke aliendelea kukunja. "Ningejua njia ya kwa mganga, ningekwenda angali hai."

"Basi mwombe aniachie. Nakuomba… mwombe."

Shemeji akainua macho kwa mara ya kwanza jioni ile.

"Na yeye alipokuomba, ulimjibuje?"

Madaktari hawajaona kitu. Mkono ni mzima, wanasema, ila hausikii. Gololi ameshaitupa mara tatu, na mara tatu ameikuta mfukoni. Makala aliimaliza kwa mkono wa kushoto, herufi moja moja, akausifu mchezo rahisi mpaka mhariri akashangaa.

Ule aliokuwa ameufuta ameuweka upya. Kila jioni anaufungua na kuuacha wazi mezani, kiti kitupu mbele yake, akitumaini kaka atacheza na kushinda walau mara moja. Lakini hata katika mchezo huo rahisi gololi inashuka nzito, haina huruma, na kompyuta haimchezei kibawa cha kulia. Tak, kushoto. Tak, kushoto.

Kisha inaelekea kulia, na Profesa anaukodolea macho mkono wake.