Mwaka Uliokwanguliwa

Kila siku akitoka shule, kabla hata hajavua sare, Bi Kalamu alichemsha maji ya chumvi na kumsafisha babu yake kidonda. Jina hilo alipewa na babu mwenyewe, kwa kuwa darasa zima la sita hakuna aliyemfikia kwa mwandiko. Mama yake, fundi cherehani, alishinda kibandani akishona nguo za watu, kwa hiyo kazi ya kidonda ilikuwa ya mtoto. Na kilikuwa kidonda haswa! Kipande cha chuma kilimwingia babu kwenye muundi wa mguu alipokuwa askari vitani, na kila baada ya miaka kadhaa kovu lake lilifumuka. Mara hii lilifumuka likagoma kufunga.

"Babu, si uende hospitali ya jeshi? Si wanawatibu askari wastaafu?"

"Nilikwenda, mjukuu wangu. Kompyuta yao imenikataa. Eti mimi si mimi."

Mambo yalikuwa hivi. Siku babu alipoandikishwa jeshini hakuwa na cheti chochote cha kuzaliwa. Mwandikishaji alimtazama mabega, akamtazama ndevu, akamkadiria mwaka wa kuzaliwa kwa macho tu, na papo hapo akamzeesha miaka mitano. Kitambulisho chake cha taifa kilikuwa na mwaka wa kweli. Miaka yote hiyo hakuna aliyejali, mpaka hospitali ilipoanza kulinganisha kitambulisho na kumbukumbu za jeshi. Visipolingana, hakuna matibabu. Njia ilibaki moja tu: kuomba ofisi ya kumbukumbu imsahihishie taarifa zake.

Babu alipanga foleni kutwa nzima, akirukaruka kwa mguu mzima, akarudi na fomu moja yenye namba na mhuri. Juu yake iliandikwa: "Usifute, usikwangue. Ukikosea, irudishe."

"Haya, Bi Kalamu," alisema huku akijitupa kitini. "Macho yangu yana ukungu. Jaza wewe, na uwaonyeshe hao watu mwandiko ni nini."

Bi Kalamu alivimba kichwa. Alitandaza kitambulisho cha taifa na kadi ya zamani ya jeshi mezani, akaandika jina, akaandika namba ya utumishi, herufi zimenyooka utadhani zimechapwa. Alipofika kwenye mwaka sahihi wa kuzaliwa, jicho likateleza kwenye kadi ya jeshi. Akaandika mwaka ule ule wa uongo waliotaka kuuondoa!

Babu alikuwa amesinzia, mguu umeegemezwa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Amwamshe amrudishe foleni? Halafu yeye, anayesifiwa mtaa mzima, aseme amekosea tarakimu moja? Alichukua wembe wa mama wa kukatia nyuzi, akakwangua polepole, akapuliza, akaandika tarakimu nyingine juu yake. Ukitazama harakaharaka huoni kitu. Bahati mbaya, watu wa kumbukumbu hawatazami harakaharaka.

Baada ya wiki moja barua ilifika, na msomaji alikuwa ni yeye mwenyewe. "Fomu imeghushiwa. Faili limepelekwa kwenye uchunguzi. Mwombaji hatahudumiwa mpaka uchunguzi umalizike."

"Soma tena," babu alisema. Akasoma tena.

"Mimi? Mimi nighushi?" aling'aka mzee. Kesho yake alijikokota hadi ofisini, akarudi amenywea. "Karani kaishika fomu dirishani, nikaona mwanga unapita kwenye mkwaruzo. Nikamwambia ni nyinyi mmekwangua. Nikamtukana, mjukuu wangu, mbele ya watu."

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Bi Kalamu alifungua mdomo, yakatoka maneno mawili tu: "Pole, Babu."

Alijiambia atasema kesho. Kesho ikawa keshokutwa, na kila siku iliyopita ililifanya neno kuwa zito zaidi. Babu aliacha mizaha yake. Alitetemeka kwa baridi akiwa juani, chakula kikamshinda, na harufu ya kidonda ikaanza kumpokea mtoto mlangoni. Siku ya kumi na tatu tangu barua ije, alifungua bandeji akaona kidole gumba cha mguu kimekuwa cheusi. Akakishika.

"Mbona hunishiki?" babu aliuliza.

Alikuwa amekishika muda wote.

Bi Kalamu alitoka mbio hadi kibandani, akasema yote kwa pumzi moja huku analia. Mama alisimamisha cherehani. Hakumpiga, hakumgombeza. Alisema tu, "Futa machozi. Twende."

Kule ofisini karani, mwanamke wa makamo, alimpa mtoto kalamu na karatasi amwandikie tarakimu zote, kisha akazilinganisha na zile za kwenye fomu.

"Kwa nini hukuirudisha? Ningekupa nyingine."

"Niliogopa Babu atapanga tena foleni."

"Mwenye kurudisha fomu hapangi foleni, mwanangu. Anapita mlango huu hapa."

Bi Kalamu alitamani ardhi ipasuke immeze. Karani alichukua faili akaingia nalo kwa mkubwa wake, na kabla ofisi haijafungwa mwaka ulikuwa umesahihishwa na barua ya hospitali imepigwa mhuri. Jioni hiyo hiyo babu alilazwa. Daktari alifunua kidonda, akatikisa kichwa. Mguu ulikatwa chini ya goti.

"Wiki mbili nyuma tungeuokoa," alimwambia mama.

Walipomruhusu mtoto kuingia wodini, alisimama mbali na kitanda.

"Babu, umenikasirikia?"

"Sana," alijibu babu. "Sitakuficha. Lakini nisikilize. Kukosea tarakimu si kitu, hata mimi nimekosea mengi. Kukwangua ni ujinga wa kitoto. Kilichonikata mguu ni zile siku kumi na tatu ulizokuwa unajua, na mimi sijui. Ukiharibu jambo la mtu, mwambie siku hiyo hiyo, hata kama atakuchapa, hata kama watu watakucheka. Mtu akiambiwa ukweli mapema bado ana la kufanya. Mimi hukuniachia la kufanya. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Babu. Nisamehe."

"Nitakusamehe. Nipe muda kidogo." Alinyoosha mkono. "Njoo ukae. Nimekasirika, lakini sijakutupa."

Bi Kalamu alikaa upande wa kitanda ambako shuka lilikuwa limelala tambarare, kwa sababu ndiko kulikokuwa na nafasi.