Zipu ya Nje

Mtu aliyetia mguu kwenye bandari kumi na saba hakutarajia kuumbuka ndani ya hema alilolishona mwenyewe, tena saa nne asubuhi, familia yake ikiwa nje inashika mbavu.

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Baharia aliingia ndani kuonyesha upana wa kazi yake, binti yake akavuta zipu ya mlango ili waone inavyofunga, nayo ikafunga vizuri mno. Alipotaka kutoka akapapasa chini, akapapasa juu. Kile kidude cha kuvutia zipu kilikuwa upande wa nje tu. Ndani palikuwa na meno matupu.

"Baba," binti yake akauliza kwa ule upole wa wodini, "umeshona mlango wa kuingilia tu?"

Kosa lenyewe lilikuwa la ufundi wake. Miaka minane alishona maturubai melini, na ishirini na mingine mjini alishona ya malori. Turubai la mzigo hufungwa kwa nje, maana gunia la saruji halijawahi kuamka likitaka kwenda kujisaidia. Mkono umezoea hivyo, nao haukumuuliza mwenyewe. Alipofunguliwa alitoka ameloa jasho, akatangaza kwamba huo ni mtindo mpya kutoka ng'ambo. Mjukuu wake wa miaka sita, aliyeitwa Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua mapumziko, akamwambia ameshona gunia. Baharia akacheka kuliko wote. Ndiyo ilikuwa dawa yake ya siku zote: ujicheke wewe kwanza, wenzako wakute kazi imekwisha.

Walikuwa vizazi vinne kwenye ule uwazi wa msitu. Bi Mkubwa, mama yake, aliyepita themanini. Yeye. Binti yake, nesi wa wodi ya watoto, ambaye ndiye aliyeendesha gari. Na Chiriku. Safari ilikuwa ya Bi Mkubwa. Wiki iliyofuata alikuwa apasuliwe nyonga, na alisema halali kwenye meza ya daktari kabla hajalala usiku mmoja kwenye msitu uliomchukua mumewe. Alitaka kumuaga tu.

Mumewe alikuwa mpasua mbao. Kila alfajiri, kabla ya kwenda kwenye msumeno, aliwafungia mlango kwa nje, akasogeza mdomo kwenye ubao na kuuliza, "Mmetimia?" Watoto na mama yao wakaitikia, "Tumetimia," naye akaenda zake na moyo mweupe. Ikawa ada ya nyumba. Hata asubuhi hiyo Baharia alipobamiza mlango wa gari aliwauliza hivyo hivyo, wakaitikia. Alfajiri moja, miaka arobaini na tano iliyopita, mpasua mbao aliuliza, akaenda, asirudi. Walimtafuta wiki tatu. Walichokipata ni msumeno umeegemezwa kwenye gogo lililopasuliwa nusu. Tangu hapo Bi Mkubwa hakutia komeo mlangoni mwake, kiangazi wala masika.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Baharia hakuwahi kumwambia mtu, si marehemu mkewe, si mabaharia wenzake hata walipolewa chakari. Alfajiri ile alikuwa na miaka kumi, na tayari alikuwa kichekesho cha nyumba. Wenzake walipoitikia kwa sauti, yeye alibandika mdomo kwenye ufa wa mlango, akanong'ona: "Bado mmoja. Wewe uko nje." Baba yake akacheka kule nje, kicheko kifupi cha puani. Nyayo zikaondoka. Amechekesha watu wa lugha nyingi tangu siku hiyo, na hakuna mzaha hata mmoja uliofukia ule.

Mchana ulipita kwa amani. Bi Mkubwa alikaa kwenye kiti cha kukunja, akitazama miti. Mnamo saa kumi ukungu ukashuka, na nyuma yake mvua. Wakakimbilia hemani wote wanne. Mlango wakauacha wazi na kuuziba kwa mwavuli, kwa sababu ambayo Chiriku alihakikisha anaikumbusha.

Halafu mvua ikakatika. Haikupungua. Ilikatika.

Ilitangulia harufu. Mbao mbichi, mbao inayopasuliwa saa hiyo hiyo. Nesi akanong'ona kuuliza kama kuna watu wanakata miti. Bi Mkubwa akasema msumeno ulipigwa marufuku humo kabla yeye nesi hajazaliwa.

Mwavuli ukaanguka.

Zipu ikaanza kupanda.

Haikwenda mbio. Jino kwa jino, kama inavutwa na mtu asiyetaka kuwaamsha waliolala. Baharia akawatazama waliomo. Mama. Binti. Mtoto. Yeye. Wote ndani. Nje kulikuwa bado mchana, mwanga mweupe wa ukungu ulipenya turubai, na mtu akisimama pale lazima kivuli chake kionekane. Hapakuwa na kivuli.

Zipu ikafika juu.

Kisha turubai likabonyea kando ya mlango. Kiduara kidogo, kimo cha uso wa mtu mzima. Kikaingia. Kikatoka. Kikaingia. Kama pumzi.

"Mmetimia?"

Sauti kavu, ya koo lililokula vumbi la mbao. Baharia aliijua kabla hajaijua. Miaka arobaini na tano alikuwa akilingoja swali hilo ili safari hii alijibu sawasawa. Mdomo ukamfunguka wenyewe. Kiganja cha mama yake kikauziba.

"Usijibu," alimnong'oneza sikioni. "Baba yako aliuliza hivyo akiondoka. Hakuwahi kuuliza akija."

Mdomo wa Chiriku haukupata wa kuuziba.

"Bado mmoja," mtoto akasema, kama yuko mchezoni. "Wewe uko nje."

Baharia akamgeukia mtoto. Maneno yale yale. Hakumwambia mtu. Hakumwambia mtu yeyote.

Nje kikasikika kicheko. Kifupi. Cha puani.

Zipu ikashuka shubiri moja, ikasimama. Hawakuona kitu kikiingia. Ila hema likawa dogo. Hewa ikajaa. Kitu kikamgusa Baharia begani, kikatulia hapo, na upande huo hapakuwa na mtu.

"Baba," nesi akasema. Sauti haikuwa ya wodini tena. "Kisu."

Baharia akauchana ukuta wa nyuma kutoka juu hadi chini, kazi ya siku kumi. Akamsukuma mtoto. Akamsukuma binti yake. Akambeba mama yake mgongoni, na walipokuwa wanatoka alimsikia akigeuza shingo na kusema ndani ya hema tupu, kwa sauti ya mtu anayefunga duka:

"Tumetimia."

Nje, matope ya mlangoni yalikuwa laini kama uji. Hayakuwa na alama ya mguu hata mmoja. Kwenye kile kidude cha zipu kulikuwa na unga wa mbao, mwekundu, mbichi.

Bahasha yenye vyeti vya hospitali vya Bi Mkubwa ilibaki ndani, na hakuna aliyejitolea kuingiza hata mkono. Baharia akang'oa vigingi, akaviringisha hema pamoja na kila kilichokuwemo, akalifunga kamba juu ya gari kama mzigo wa lori. Lilikuwa zito kuliko lilivyokuja. Akajiambia ni maji ya mvua. Alipobamiza mlango wa gari, swali likamjia ulimini kwa mazoea. Akalimeza. Walifika mjini taa zikiwa zimewashwa.

Usiku ule, kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini na tano, Bi Mkubwa alitia komeo.

Asubuhi Baharia alilikunjua hema sakafuni kwenye karakana yake ili atoe ile bahasha. Zipu ilikuwa imefungwa hadi juu. Akaligeuza kutafuta pale alipopachana.

Palikuwa pameshonwa.

Mishono midogo, iliyonyooka, juu hadi chini. Si uzi wake. Huu ulikuwa wa kahawia, kama nyuzi za gome la mti. Akapitisha kidole kutafuta fundo. Kila fundi anajua, fundo hukaa upande wa mshonaji. Kwa nje hapakuwa na fundo. Akabonyeza turubai taratibu, akayahisi. Yalikuwa ndani, yote. Na katika kila tundu la sindano ulikuwa unavuja unga mwekundu wa mbao, kidogo kidogo, kama kuna aliyekuwa akijigeuza usingizini.

Alichukua wembe. Alikuwa ameshauweka kwenye mshono wa kwanza aliposikia mkongojo mlangoni. Mama yake alikuwa amesimama pale.

Hapo ndipo alipomweleza. Ufa wa mlango, ule mnong'ono, kile kicheko. Alieleza akiwa amepiga magoti, mtu mzima mwenye mvi, wala hakupata mahali pa kutia mzaha. Akasema labda yeye ndiye aliyemhesabu baba yake nje. Akasema labda ni wajibu wake kumfungulia.

"Mama," akanong'ona, "na kama ni Baba?"

Bi Mkubwa akainama kwa shida juu ya nyonga yake mbovu, akaitazama ile mishono, mmoja baada ya mwingine.

"Baba yako hakujua hata kutunga uzi kwenye sindano," akasema. "Choma."