Wasikilizaji Elfu Ishirini

Ndugu zangu wa Kigoma na Ujiji, nawasimulia habari ya nyumba moja ya Buzebazeba, na sisimulii ili tuwacheke wenye nyumba. Wengi wetu tulikisikiliza kipindi kilichotoka katika nyumba ile, na wengine tulikisambaza siku ambayo afadhali tungekizima.

Ulikuwa mwaka wa tatu tangu Warundi waanze tena kuvuka ziwa kwa wingi. Kila Jumamosi asubuhi Nasra, mwalimu wa shule ya msingi, aliegemeza godoro dirishani, akajifunika kitenge gubigubi pamoja na simu yake ili kelele za jirani zisiingie, akasoma majina ya watu waliopotezana njiani. Mumewe Faridi, fundi simu wa Mwanga, alikaa sakafuni na kompyuta, akikata vikohozi na kukiweka kipindi mtandaoni. Binti yao Ummy alijua kwamba saa ile hakuna kugonga sufuria. Kazi ikiisha walikunywa chai kwa mihogo ya kuchemsha, wote watatu, na nyumba ilikuwa na raha yake.

Kipindi kiliitwa Nani Amemwona. Wajuzi wa mtandao wanaita kitu kama hicho podikasti. Mwanvua, muuza dagaa wa soko la Mwanga, alikiita redio ya mwalimu.

Kilianza na wasikilizaji kumi na wanne, nusu yao walimu wenzake Nasra. Hakuwa na ujanja wa kukikuza. Kila aliyemwandikia alimjibu. Kila aliyeomba jina fulani lisisomwe, halikusomwa. Mwanvua alikifungulia mezani pake wateja wakisubiri kupimiwa dagaa, na kule kwenye kambi ya wakimbizi wasio na bando walinakiliana kwenye kadi za simu. Baada ya mwaka na nusu wakafika mia tatu na kidogo. Watu tisa walikuwa wamewapata ndugu zao.

Ilikuwa kazi ya kuchosha. Nasra alifundisha watoto tisini darasani, akarudi nyumbani kusikiliza vilio vya watu wazima. Lakini hakulalamika. Aliyechoka mapema ni Faridi, na hakuchoshwa na vilio. Alichoshwa na hesabu ya wasikilizaji, aliyoitazama kabla hata ya kunawa uso.

"Mama Ummy, mia tatu ni watu wa harusi moja," alimwambia mkewe. "Kuna jamaa Dar anaongea upuuzi mtupu, ana elfu hamsini."

"Mimi hao mia tatu nawajua."

"Ndiyo shida yenyewe. Tunaongea na watu tunaowajua."

Haukupita muda akapata mtu wa mtandaoni anayeuza wasikilizaji. Akalipa. Ndani ya wiki moja hesabu ikaruka hadi elfu ishirini. Faridi akaizungusha simu sokoni kuwaonyesha mafundi wenzake. Nasra alipofungua sanduku la ujumbe, alikuta ujumbe mmoja tu mpya, wa Mwanvua, akiuliza kama kipindi kijacho kitachelewa.

"Hawa elfu ishirini mbona hawasemi?" Nasra aliuliza.

"Watasema. Watu hufuata penye watu."

Hawakufuata. Faridi akawa mkali, akala peke yake akitazama kioo cha simu. Ummy akajifunza kumpitia baba yake kwa mbali. Nasra aliona yote hayo, akayaacha. Alijiambia kwamba mtu mzima hupitiwa na tamaa kama mafua, itaisha. Ndugu zangu, sisi wangapi tumeyaacha mambo hivyo hivyo kwa sababu tumerudi kazini tumechoka?

Ndipo akaja Regina. Alikuwa Mrundi wa upande wa Rumonge, aliyeletwa mjini kutoka kambini kwa matibabu ya mgongo. Nasra alikutana naye uani hospitalini, wakakaa kwenye ukingo wa saruji. Regina alikuwa akimtafuta mdogo wake, Leonardi, ambaye hakuwahi kuvuka. Alieleza habari yake yote, kwa sababu mtu akianza kueleza huwa hachagui: jinsi mumewe alivyochukuliwa, nani walikuja kumchukua, na kwamba yeye na Leonardi waliwaona kwa macho yao. Simu ya Nasra ilikuwa inarekodi.

Alipomaliza, Regina aliushika mkono wa Nasra. "Mwalimu, soma jina la mdogo wangu tu. Haya mengine nimekueleza wewe."

"Nitasoma jina tu," Nasra akasema.

Jumatatu yake alipelekwa Kasulu kusimamia mitihani, siku tano. Aliiacha rekodi kwenye kompyuta ya nyumbani, kwa kuwa nyumbani hakukuwa na mtu wa kumfungia kitu.

Faridi aliisikiliza Jumanne. Jumatano akaiweka yote mtandaoni, sauti ya Regina mwenyewe, na kichwa kilichosema: Mjane Awataja Waliomchukua Mumewe. Ikazagaa Mwanga, Ujiji na bandarini. Tuliipokea kwenye simu zetu na kuituma mbele, tena tukaongeza alama za machozi. Kufikia Ijumaa watu elfu tisa walikuwa wameisikiliza, na safari hii walikuwa watu kweli.

Nasra aliisikia ndani ya basi akirudi, ikitoka kwenye simu ya abiria wa mbele. Aliitambua sauti kabla hajaelewa maneno. Alipofika nyumbani, hata viatu hakuvua.

"Itoe, baba Ummy."

"Unajua tumefika wangapi?"

"Itoe."

Aliitoa. Lakini iliyokwisha kunakiliwa haitoleki, na wafanyabiashara wanaovuka ziwa hubeba simu kama wanavyobeba vitenge.

Baada ya wiki tatu Nasra aliitwa hospitalini. Regina alikuwa amekaa palepale ukingoni. Mwanamke mmoja wa Rumonge alikuwa amemletea habari: Leonardi alikuwa kwa mjomba wake muda wote ule, kimya, akilima. Watu walimfuata shambani mchana, wakaondoka naye. Jembe lilikutwa limelala kwenye mtaro.

Nasra alitaka kusema kwamba si yeye. Akaona neno lenyewe halina faida kwa yeyote.

"Nilikupa jina lake umtafute," Regina alisema taratibu, bila hasira, kama mtu aliyekwisha kulia kwingine. "Wamemtafuta wengine."

Akaomba msaada wa kusimama, mgongo ulikuwa unamuuma. Nasra akamsimamisha. Akamsindikiza hadi mlango wa wodi, na Regina akaingia bila kugeuka.

Leonardi hajasikika mpaka leo.

Nasra alitoa kipindi kimoja cha mwisho, cha dakika mbili. Alisema ahadi imevunjwa nyumbani kwake, kwamba rekodi aliiacha yeye na aliyeiweka mtandaoni ni mumewe, na kwamba hatasoma tena jina la mtu. Faridi alikaa sakafuni kama zamani, akakirekodi bila kukata kitu. Siku hizi anatengeneza simu na kurudi nyumbani mapema. Wanakula pamoja, lakini wanaongea na Ummy zaidi kuliko wanavyoongea wao kwa wao.

Mwanvua alipokutana na Nasra sokoni alimpimia dagaa, akamsalimu vizuri, kisha akaigeuza kifudifudi mezani simu yake, ileile aliyowafungulia wateja kipindi. Kati ya wale mia tatu, watu kumi na mmoja waliandika kuuliza hali yake. Kati ya wale elfu ishirini, hakuuliza hata mmoja.

FUNZO

Msikilizaji hupatikana mmoja mmoja, kwa kutimiziwa ahadi, na hiyo ni kazi ya polepole inayochosha. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Anayenunua umati hupata hesabu isiyo na masikio, na anayeuza siri ya mtu ili apate umati huuza mtu mwenyewe. Nawe uliyerudi umechoka ukaiona tamaa imekaa nyumbani kwako, iseme siku ileile. Nasi wengine, kabla hatujatuma mbele sauti ya mtu anayelia, tujiulize kwanza: yeye mwenyewe alitaka tuisikie?